Kiti Alichokifunga Papa

Papa, baba yetu, alipofariki, nyumba yake ya mtaani Nyalukemba tuliigawana na ndugu zangu bila maneno mengi. Baiskeli yake nyeusi nikaichukua mimi. Kwetu kitu cha marehemu hakichezewi ovyo, basi kiti nilikiacha palepale alipokifunga yeye. Papa alikuwa mfupi. Mimi ni mrefu, tena mwenye maungo makubwa.

Magoti yaligonga usukani. Mgongo uliwaka moto, na huko nyuma, samahani, ngozi ilichubuka hadi ofisini nikawa nakaa upandeupande. Mama anaishi Kalehe na miguu haimtoi tena nyumbani. Kila tukiongea kwa simu aliulizia baiskeli, "Ile kinga ya papa yako itafika lini? Niione tena mbele ya kufa." Nilijaribu kumpelekea. Kila safari maumivu yalinirudisha njiani, nami nikaisingizia mvua.

Mke wangu hana subira na upumbavu wangu. Siku moja aliniona nikishuka kama mtu aliyetoka kutahiriwa.

"Cheri," akasema, "ile kiti si sakramenti. Na hii jinzi yako, mushono yake inakukata. Utavumilia mpaka wapi?"

Akanipa kaptula laini ya kubana na suruali nyepesi ya kuvaa juu yake, akaniamuru nisivae kitu kingine ndani. Nikamwambia Mkristo hatembei hivyo barabarani. Alicheka mpaka akakaa chini.

Mwishowe nikakubali, lakini kuilegeza nati ya kiti kulikuwa kugumu kuliko kuvumilia maumivu. Nilifanya ishara ya msalaba kwanza. Nikapandisha kiti mpaka kisigino kikaifikia pedali mguu ukiwa umenyooka, kisha pua ya kiti, ile ncha ya mbele iliyotazama juu, nikailaza sawa. Chuma cha kiti kilichokuwa kimejificha ndani ya fremu kikatoka kipya, kinang'aa, hakijaona jua tangu mkono wa Papa.

Jumamosi asubuhi nikaondoka. Baada ya kilima cha kwanza nikayangoja maumivu, hayakuja. Nikainua kichwa, na Mungu wangu, ziwa. Miaka yote niliyopita njia ile nilikuwa naangalia mashimo tu. Sasa maji yalilala kuliani kwangu, mapana, kisiwa cha Idjwi kimekaa katikati na ukungu wake, nami nikasahau kwamba nina mwili. Kusema kweli uzuri ule ulinitisha. Nilikanyaga polepole, kama mtu aliyeingia kanisani amechelewa.

Mama alikuwa mlangoni. Hakunisalimu kwanza. Alishika usukani, akagusa kengele, akafika kwenye kiti na mkono ukasimama. Akakipapasa kile chuma kipya taratibu. Nikaogopa kwamba nimemvunjia kitu ambacho hakitengenezeki.

"Papa yako alikuwa anasema," akaniambia, "'siku mimi siko tena, mutoto atapandisha hii kiti.' Na mimi nilikuwa nangojea kuiona."

Mimi, mwenye mvi ndevuni, nikakaa chini palepale mlangoni nikalia.