Kidole cha Kusomea

Nzomo alipofuka kwa surua akiwa na miaka minne, na tangu shule alisoma breli kwa kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Kidole hicho ndicho kilichompatia kazi ya opareta wa simu katika ofisi moja katikati ya jiji. Nyumbani Dagoretti Corner, kilimsomea mkewe Mwongeli magazeti ya breli na Maandiko huku akipika.

Mwaka juzi glasi ilimpasukia akiiosha, ikamkata kifundo cha mkono huohuo. Daktari aliiunga neva iliyokatika, akamweleza bila kumficha kwamba neva hukua polepole, na huenda isifike kwenye ncha za vidole, au ifike imepotea njia. Kulikuwa na tembe zilizokuwa zikifanyiwa utafiti, zilizodhaniwa kuihimiza neva ikue. Nusu ya wagonjwa wangepewa dawa yenyewe, nusu tembe tupu zinazofanana nayo, na hata daktari hangejua nani kapewa zipi. Nzomo alikubali papo hapo.

Tembe zilimtia kichefuchefu, naye akafurahi, kwa kuwa aliona kitu kisicho na dawa hakiwezi kumvuruga mtu tumbo. Mwongeli alimkumbusha kwamba hata chai ya rangi huchafua roho ya mwenye njaa. Hakutaka kusikia. Wiki hiyo alikishika kishikio cha sufuria yenye moto, na ni Mwongeli aliyenusa ngozi ikiungua.

Kila mwezi alikwenda kupimwa. Muuguzi, Sista Mercyline, aliwafunga wagonjwa wengine kitambaa machoni, Nzomo hakukihitaji. Alimgusa ncha za vidole kwa unywele wa nailoni, naye alipaswa kusema "sasa" kila alipohisi. Miezi mitatu ya kwanza alinyamaza tu. Mwezi wa nne akatambua kwamba Sista hushika pumzi kabla ya kugusa, na kwamba aproni yake ya plastiki huchakarika anapoinama.

"Sasa," akasema.

Hakuwa amepanga kudanganya. Neno lilimponyoka, kisha likafuatwa na mengine. Mwezi wa tano ikawa vivyo hivyo, na wa sita pia. Daktari aliitwa, akasema ni maendeleo ya kutia moyo, na Mwongeli akampigia simu dada yake Machakos akilia kwa furaha.

Nzomo ndiye aliyeshindwa kula. Alikuwa akijifungia chumbani na kitabu, anapapasa, na ukurasa uko laini kama sahani. Kilichomtafuna zaidi ni wazo kwamba huenda tembe hizo hazifai kitu, na mtu mwingine aliyekatika neva ya mkono atazimeza kwa sababu ya neno lake.

"Mama Muindi," akamwambia mkewe hatimaye, "sikuhisi kitu. Nilikuwa namsikia Sista mkono ukija."

Mwongeli aliepua sufuria iliyokuwa ikifurika. Kisha akasema atamsindikiza kliniki, lakini maneno atayasema Nzomo mwenyewe.

Sista Mercyline hakumkemea. Aliandika kwa muda mrefu, ndipo akasema, "Baba, hiyo miezi mitatu haiwezi kutumika tena. Na mko watu arobaini tu."

Tangu siku hiyo alimpima bila aproni, pamba ikiwa masikioni mwa Nzomo. Bila sauti ya kumwongoza, alikaa kama mtu aliyetumbukia kisimani, akingoja mguso ambao labda ulishakuja ukapita. Kidole gumba kilijibu kidogo. Cha shahada hakikujibu.

Mwaka ulipopita, alianza kuhisi kama sisimizi wanatembea kwenye ncha ya kidole hicho. Kwa siku mbili Nzomo hakumwambia mtu. Alipokigusa kidole cha shahada, mguso aliusikia kwenye cha kati, na nukta za breli zilikuwa chenga za mahindi zilizomwagika. Sasa anaweza kujua kikombe cha moto kabla hakijamchoma, lakini herufi hazijarudi. Alimeza dawa au tembe tupu, hajaambiwa, utafiti haujafungwa.

Anajifunza kusoma kwa mkono wa kushoto. Ukurasa wa dakika tatu humchukua nusu saa, na kichwa humuuma. Kuna wakati huuweka mkono wa kulia kwenye karatasi bila kukusudia, akangoja kidogo, kisha akauondoa.