Picha ya Pili

Mtaa mzima ulimwita Tabasamu, na jina lenyewe lilikuwa utani, maana kazi yake ilikuwa kupiga picha za vitambulisho, na kwenye picha za vitambulisho kucheka ni marufuku. Ofisi zinataka uso mkavu, macho mbele, masikio yote mawili yaonekane. Tabasamu aliwakalisha watu kwenye kigoda mbele ya kitambaa cheupe, akawapiga hiyo picha ya ofisi, kisha kabla hawajanyanyuka akawaambia, "Tulia hapo hapo. Hiyo ilikuwa yao. Hii sasa ni yangu, tabasamu kidogo." Alilisema kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani, na hata waliokuja wamenuna kwa kuchoshwa na foleni walijikuta wanaachia meno. Picha ya pili haikulipiwa wala haikuonyeshwa ovyo. Aliihifadhi kwenye kompyuta ya dukani, ndani ya folda aliyoiita Zangu.

Waliofiwa ndio walioijua thamani ya folda hiyo. Mjane angeingia na kitambulisho cha marehemu mkononi, anataka picha ikuzwe, na Tabasamu angerudishia mlango, aitafute ile ya pili, kisha amgeuzie skrini. Wapo waliokaa pale wakalia na kucheka kwa pamoja, na yeye akatazama pembeni mpaka wamalize.

Humo ndani alikuwemo na dada yake.

Dada alikuwa mkubwa kwake. Utotoni, akiwa amembeba mgongoni, alijikwaa kwenye ngazi za saruji, na badala ya kutanguliza mikono ajizuie, aliiacha nyuma imshike mdogo wake. Akaangukia mdomo. Jino la mbele lilibaki pale kwenye ngazi, na tangu siku hiyo, kila alipocheka, alijiziba kwa kiganja. Na mtu mwenyewe alikuwa mcheshi wa kuvunja watu mbavu, kwa hiyo kiganja hicho hakikupata mapumziko.

Siku alipokuja kupigwa picha ya kitambulisho, Tabasamu alimsubiri mpaka mikono yake yote miwili iwe imeshika mkoba mapajani, ndipo akamkumbusha siku mwalimu wao wa hesabu alipokalia kiti kibovu. Dada akacheka kabla mkono haujafika.

"We! Futa hiyo."

"Sifuti."

"Basi mtu asiione nikiwa hai. Ukimwonyesha mtu, mimi na wewe basi."

Tabasamu akalishika sharti hilo. Dada alipofariki, iliyobebwa mbele ya jeneza ilikuwa ile ya kitambulisho, na mwanawe wa pekee aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mjomba, huyu si mama. Huyu ni mtu aliyeitwa kituoni." Tabasamu nusura amwambie. Lakini alitaka kuitoa vizuri, kwa heshima yake, na kijana alikuwa ameshachumbia. Akaamua ampe siku ya harusi. Akanunua fremu ya mbao, akaiweka chumba cha nyuma ikiwa tupu, akaahirisha kuchapa, kama tunavyoahirisha wote yale mazuri tukidhani yatatungoja.

Wiki yenyewe ya harusi, umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo. Kompyuta ikatoa harufu ya plastiki inayoungua, ikanyamaza.

Fundi aliyeitwa alikuwa huyo huyo mpwa wake. Alikuwa na meza ya kutengeneza kompyuta kwenye jengo hilo hilo la maduka, na wawili hao, kama ilivyo kwa wajomba na wapwa, waliitana mjomba kwa mjomba, mtu asijue nani ni nani. Kijana akaifungua mashine, akamulika kwa tochi.

"Mjomba, mazabodi, ile bodi kuu, imekwisha, na prosesa imeondoka nayo."

"Na diski?"

"Diski haina neno. Ila bodi ya aina hii haipo tena madukani. Nitakuwekea mpya, na prosesa yake."

Tabasamu akashusha pumzi, maana picha zote zilikuwa kwenye diski. Usimshangae. Watu huuliza kama moyo unapiga, hawaulizi habari za mbavu. Ili kumpa fundi nafasi, jioni hiyo alibeba kamera, taa, kigoda na kile kitambaa cheupe, akavipeleka nyumbani. Asubuhi alikuwa na kazi ya kupiga picha za wanafunzi shuleni.

Alikuwa katikati ya uwanja wa shule, watoto wanasukumana, wengine wanatoa ndimi mbele ya lenzi, simu ilipoita.

"Mjomba, bodi na prosesa vimekaa vizuri," mpwa akasema. "Ila mfumo wako wa zamani umezoea ile bodi iliyoungua. Ukikutana na hii mpya unawaka, unasita, unajizima, unarudia tena. Inabidi nipige windo upya, niingize mfumo mpya. Nikuwekee safi?"

"Eeh, weka safi, mjomba! Kazi yako siku zote ni safi."

"Vitu vyako umeshavitoa?"

"Nimevitoa vyote, viko nyumbani. Nyie watoto, rudini kwenye mstari!"

Basi. Kwa mafundi, kuweka safi ni kufuta kila kilichomo kwenye diski na kuanza upya. Kwa sisi wengine wote ni kufanya kazi vizuri. Ukiniuliza mimi, neno la namna hiyo lingepigwa marufuku madukani, au angalau liandikwe mlangoni kwa herufi kubwa.

Tabasamu alirudi mchana, akaikuta mashine inawaka kwa kasi ambayo haikuwahi kuwa nayo. Skrini ilikuwa ya buluu, haina kitu. Akafungua hapa, akafungua pale.

"Mjomba, picha zangu umeziweka wapi?"

Mpwa alikuwa anakusanya bisibisi zake. "Picha gani? Si ulisema vitu umeshavitoa?"

"Nilitoa kamera," Tabasamu akasema. "Taa. Kigoda."

Kijana alimwangalia, kisha akaiangalia mashine. Alirukia waya wa umeme, akauchomoa ukutani, mashine ikazimika kwa ghafla.

"Usiiguse," akasema. "Mtu asiiguse kabisa."

Tabasamu alikasirika, tusifichane. Alitoka akasimama barazani kwa fundi viatu, mikono imeshika kiuno, maneno mabaya yakimjia mdomoni moja baada ya jingine. Alijichukia zaidi kuliko alivyomchukia mpwa wake. Ningeichapa, alijiambia. Siku ile ile ya mazishi ningeichapa. Halafu likamjia wazo lililomnyamazisha kabisa: kwamba kijana, keshokutwa akioa, ataoa akijua kuwa amemfuta mama yake kwa mkono wake mwenyewe. Hapo barazani akaamua. Hatamwambia. Picha kama imekwenda, iende na siri yake.

Alipoingia ndani, mpwa alikuwa ameshaichomoa diski na kuiunganisha kwenye laptopu yake, na programu ya kufukua vilivyofutwa ilikuwa inatembea.

"Kufuta hakuzitoi humo papo hapo, mjomba," alieleza, bila kuinua macho. "Kunaondoa majina na njia ya kuzifikia. Zenyewe zinabaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Tatizo ni kwamba nimeshaandika." Akaisogeza laptopu karibu. "Mfumo wote mpya nimeuandika juu yake. Sijui umekalia nini."

"Endelea tu."

"Kuna moja unayoitafuta zaidi? Nianze nayo?"

"Zote," Tabasamu akasema.

Zikaanza kupanda. Hazikuwa na majina wala mpangilio. Muuza mkaa alitokea mzima, na meno yake yote. Akatokea mwalimu mstaafu, naye mzima, halafu bibi arusi wa zamani ambaye picha yake ilikatika masikioni, chini yake kijivu kitupu, maana sehemu hiyo ilikuwa imeandikwa kitu kingine. Kila ilipotokea iliyokatika, kijana alisema "samahani, mjomba," kwa sauti ya chini, na Tabasamu akamwambia "songa mbele." Walikaa hivyo bega kwa bega, wateja wakichungulia mlangoni na kuondoka. Tabasamu alikuwa anaomba mawili kwa wakati mmoja: dada atokee, na dada asitokee.

Akatokea.

Lilianza paji la uso na kilemba alichokipenda, zikafuata nyusi, kisha macho. Pua ilifika nusu. Kutoka hapo kwenda chini kilikuwa kijivu, mpaka mwisho.

Tabasamu aligeuza uso ukutani. Lile pengo, ambalo yeye ndiye aliyekuwa mgongoni lilipopatikana, ambalo dada alilificha maisha yake yote na kulisahau mara moja tu mbele ya kamera yake, lilikuwa limekwenda. Akangoja kusikia "samahani, mjomba." Akangoja kijana asonge mbele, asitambue.

Kijana aliisimamisha programu.

"Huyu ni mama," mpwa akasema.

"Ndiye."

"Anacheka."

Tabasamu alipogeuka alimkuta kijana ameinua kiganja chake, amejiziba nacho mdomo, mpaka pale pale nusu ya pua ambapo kijivu kilianzia. Juu ya kiganja, macho yalikuwa yale yale ya kwenye skrini, ila haya yalikuwa yanamwaga machozi.

"Hivi," alisema, kiganja bado kiko mdomoni. "Alikuwa hivi. Mimi sijawahi kumwona akicheka vingine."

Nje fundi viatu alikuwa anagonga kisigino.

"Nilikuwekea ya harusi," Tabasamu akasema mwishowe. "Fremu ninayo huko nyuma. Ilikuwa nzima, mjomba. Chini hapo kulikuwa na kicheko ambacho hukuwahi kukiona. Alinikataza nisimwonyeshe mtu akiwa hai, nami nikachelewa."

Kijana alifuta uso kwa mkono wa shati. Hakuuliza kicheko hicho kilikuwaje.

"Nichapie."

"Nitakikata hicho kijivu, ibaki sehemu ya juu. Itakaa vizuri kwenye fremu."

"Usiikate, mjomba," mpwa akasema. "Huo ni mkono wake."

Tabasamu akanyanyuka, akaenda chumba cha nyuma kuchukua fremu.