Moto Niliompa Kanyere

Kama umekuja kucheka, cheka sasa umalize, ili nikianza unisikilize vizuri. Mimi si mtu wa kuota mchana. Sinywi kasiksi, ile pombe ya ndizi, sina wazimu, na padri wetu ananijua. Haya nitakayokuambia yalinipata mimi mwenyewe, hapa hapa Butembo, ndani ya nyumba ambayo walisema ni yangu.

Unaijua ile usine, kiwanda cha kahawa cha zamani, kilichokuwa na mabati ya kutu? Hapo ndipo ujana wangu ulipoishia. Nilikuwa mchambuaji. Unakaa chini na wanawake wenzako, lungo la kahawa mbele yako, unatoa mbegu mbovu mpaka macho yanauma. Nyuma ya usine kulikuwa na kambi ya wafanyakazi, vyumba vya udongo vilivyoshikana. Usine ilipofungwa, tajiri alienda zake, sisi tukabaki. Twende wapi? Tulikuwa tumezaa pale, na wengine wetu tulifiwa na waume pale pale.

Kisha wakaja watu wa urbanisme, wale wa mipango ya mji, na kamba zao za kupimia. Wakasema kiwanja si cha viwanda tena, kimekuwa cha makao. Mbele, upande wa barabara, zitapanda étages, maghorofa ya wenye mali. Nyuma litajengwa jumba moja la watu wadogo, na kila familia ya kambi itapata appartement yake. Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Vigelegele nilianza mimi, mjinga mimi! Tukatoa vyombo vyetu kwa mikono yetu wenyewe ili wabomoe.

Mmoja tu alikataa. Ni Kanyere, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mjane mwenye maneno machache. Alikaa mlangoni akasema, "Miye sitoke. Mafiga yangu iko humu." Walimtoa polisi. Mashine ikapita juu ya mafiga yake, mawe matatu aliyopikia tangu alipoolewa. Tukasikia amekwenda kwa kaka yake Kanyabayonga.

Mimi nikapanga chumba kimoja Rughenda, karibu na uwanja wa ndege. Nikiwa huko, mkwe wangu akakimbia vita upande wa Beni, na mimi nikaenda mpaka Mavivi kumpokea yeye na watoto. Tangu siku hiyo tulilala wote kwenye chumba kile, tumebanana kama maharagi ndani ya mfuko. Wajukuu wakilia niliwaambia, vumilieni, mukaka wenu, bibi yenu huyu, ana nyumba.

Na kweli jumba likaisha. Tulipelekwa kuliona, nikaonyeshwa mlango wangu: étage ya pili, wa mwisho upande wa kushoto. Nikaugusa. Lakini funguo zikarudi bureau, ofisini kwao. Tukangoja, tukangoja. Watu wakaanza kunong'ona kwamba kuna wakubwa wameyapenda yale madirisha.

Hapo nikakumbuka jambo ambalo mama yangu alinifundisha. Nyumba haiwi yako kwa karatasi. Inakuwa yako siku umeingiza moto kutoka nyumba uliyokuwamo, ukapika, mkala. Kiberiti hakifai, yanatakiwa makaa ya jiko lako lenyewe. Na kuna mwiko mmoja tu: kabla chungu cha kwanza hakijaliwa, moto usitoke mlangoni. Ukiutoa, umeitoa nyumba.

Wenzangu waliogopa polisi. Mimi sikuogopa, nilikuwa na hasira. Nikabeba mbabula yangu, lile jiko dogo la makaa, ikiwa inawaka, na sufuria ya maharagi yaliyokwisha kulowekwa, nikapanda pikipiki. Kijana wa pikipiki alilalamika njia nzima: "Mama, ukinichoma mugongo, tutaanguka sisi wote!"

Mlinzi wa jumba alikuwa mzee Paluku, yule yule aliyelinda usine zamani zile. Alitazama mbabula, akaelewa, akafungua. "Ingia, mama, lakini ufanye mbio. Miye sikuona mutu."

Ilikuwa jioni ya manyunyu, ukungu umeshuka mpaka kwenye madirisha. Ndani kulinukia simenti mpya. Niliweka mbabula katikati ya chumba changu cha kupikia, nikateleka sufuria, nikaketi sakafuni. Niamini, nililia. Niliona pale watoto watalala, pale mkwe wangu atatundika nguo. Sikumbuki kama nimewahi kufurahi namna ile.

Ndipo nikasikia hodi.

Nilifungua nikijua ni Paluku. Alikuwa Kanyere. Amevaa kile kitenge cha siku waliyomtoa, na kitenge kilikuwa kikavu, wakati nje mvua inanyesha. Je, niliwaza jambo hilo? Sikuwaza. Nilifurahi tu kumwona.

"Kanyere! Banasema uko Kanyabayonga!"

"Nimerudia, yaya. Nyumba yangu njo ile ya pembeni." Aliniita yaya, dada mkubwa, kama zamani, akaonyesha kwa kidevu mlango uliofuata wangu. "Kule kwenye nilikuwa kuko baridi sana. Nipatie moto kidogo."

Sasa niambie wewe unayenisikiliza, ungefanya nini? Kwetu jirani akiomba moto hanyimwi, hata kama jana mmetukanana. Moyo ulisema mwiko, mwiko. Lakini huyu alikuwa mwanamke niliyemwona akiburutwa mlangoni kwake nami nisinyanyue hata kidole. Ningemnyima makaa mawili matatu? Nikageuka kutafuta kipande cha bati nimwekee.

"Acha," akasema. Akainama, akatia mkono mtupu ndani ya mbabula, akachota makaa mekundu kama mtu anayechota chumvi. Kaa moja lilitaka kuanguka, nikalizuia na vidole vyangu, vikakutana na vyake. Ile baridi! Sijui nikuelezeje. Hata asubuhi za Lubero hazina baridi ile.

"Wasingya, yaya," akanishukuru, akaenda.

Nilimsindikiza kwa macho. Alifungua mlango wake, na ndani nikaona vizuri kabisa: sakafu ya udongo, iliyopakwa vizuri kama alivyozoea, na mafiga yake matatu. Sakafu ya udongo, étage ya pili! Akafunga. Nikarudi kwenye sufuria yangu, na mbabula ilikuwa nyeusi tii. Hakuna kaa lililobaki na uhai. Maji ya maharagi yalikuwa baridi kama yametoka mtoni sasa hivi.

Nilishuka ngazi sijui vipi. Nikamuuliza Paluku Kanyere alihamia lini.

Mzee alinitazama mpaka nikaogopa. "Kanyere gani? Kanyere alikufa kule Kanyabayonga. Tulimulilia hapa, weye ulikuwa Mavivi kupokea batoto. Hawakukuambia?"

Tukapanda pamoja na tochi yake. Baada ya mlango wangu hakukuwa na mlango mwingine. Ni ukuta tu, mwisho wa jumba, na nyuma yake hewa. Paluku aliweka kiganja pale, akakitoa haraka, akafanya ishara ya msalaba. Ukuta ulikuwa moto.

Haukupita muda mrefu wakatuita bureau. Bwana mmoja aliyeletwa kutoka jimbo lingine, mtu wa sauti tamu, akatuambia, "Bamama na ngai, mama zangu, projet imebadilika kidogo. Nyinyi mutaingia mu phase ya pili." Nikamuuliza phase ya pili, hiyo awamu, iko wapi. Akasema iko en cours, yaani inaendelea. Mpaka leo iko en cours! Ndani ya lile jumba la watu wadogo sasa wanakaa watu wenye magari, na kwenye dirisha langu kuna pazia la rangi ya dhahabu.

Lakini ule ukuta umewashinda. Kila wakiupaka rangi, masizi yanarudi. Wapangaji wanalalamika kwamba jioni kunanukia moshi na maharagi, wakamleta fundi, fundi akatafuta bomba la moshi hakuliona. Nikisikia hivyo nacheka, kicheko kibaya, nakiri.

Na mimi, tazama mkono huu wa kuume. Vidole hivi haviujui moto tena. Naepua sufuria inayochemka bila kitambaa na sisikii kitu. Wajukuu wamezoea, ila majirani wa Rughenda hawataki niwashikie watoto wao wachanga. Tungali katika chumba kile kile. Mtoto mkubwa haulizi tena habari za nyumba, na hiyo ndiyo inayoniuma kuliko mkono.

Mtaani wanasema kosa ni langu, nilitoa moto kabla ya kula, basi nilitoa nyumba. Hata mkwe wangu amelisema, siku aliyokuwa amechoka. Niliamini hivyo muda mrefu, nikajilaumu mpaka nikakonda. Kisha siku moja nikajiuliza: na wale wenzangu ambao hawakubeba moto, ambao hawakukutana na mtu, wao walipata? Hakuna aliyepata. Hata mmoja. Basi nani alichukua nyumba zetu, marehemu?

Kwa hiyo nakuonya, na unishike maneno haya. Ukiingia nyumba mpya, pika, ule, ndipo umpe jirani moto. Na wakikujia na kamba za kupimia na ahadi, kaa mlangoni kwako mpaka ufunguo uwe mkononi mwako, hata wakuite mkaidi. Wafu usiwaogope sana. Kanyere alipiga hodi, akaomba kidogo, akasema asante. Hawa wengine hawakuomba.