Pumzi Iliyotulizwa

Nilikuwa nachagua mchele nesi alipopiga simu kutoka hospitali ya mkoa. "Dada Saripah, kaka yako Doloh ametutoka." Nikasema Inna lillahi, nikaendelea kuchagua mchele. Sikujua nifanye nini na mikono.

Doloh aligema mpira utu uzima wake wote, kwenye vilima nyuma ya nyumba yetu. Magoti yalimuuma, na kila akirudi kutoka shambani alimimina pakiti mbili tatu za unga wa aspirini kwenye kahawa. Wagema wengi wa kwetu hufanya hivyo.

"Wenzio wanafungua siku kwa bismillahi, we unafungua kwa pakiti," nilimtania.

"Bismillahi nimeshaisoma shambani. Hapa nangoja goti liitikie amina."

Mwezi wa Safar jino lilimsumbua, akazidisha. Masikio yakavuma, kisha akaanza kuhema haraka kama mtu aliyepanda kilima mbio. Nilitaka tutafute gari. Baba mdogo Maeseng, aliyetulea, akakataa.

"Anahema hivyo, utampakiaje? Atulie kwanza."

Akachemsha majani ya ketum. Wagema huyatafuna wasichoke, lakini yakichemshwa hadi yawe mazito humlaza mtu. Doloh akanywa bakuli zima. Pumzi ikapungua.

"Si niliwaambia?" Baba mdogo akasema, nasi tukamshukuru Mungu.

Jioni Doloh hakututambua tena. Ndipo tukampeleka.

Daktari alimtundikia dripu ya kupunguza asidi, akatuita nje. "Damu ikiwa sawa, karibu aspirini yote hubeba chaji, na yenye chaji haipenyi kwenye ubongo kirahisi. Figo huitoa kwa mkojo. Asidi ikizidi, sehemu ya dawa hupoteza chaji, ikapenya. Kule kuhema kulikuwa kunapunguza asidi. Kulipotulizwa, asidi ikapanda."

"Kwa hiyo ni lile bakuli?" Baba mdogo aliuliza.

"Pakiti zilikuwa nyingi, mzee. Lakini ndiyo, na bakuli."

Usiku tukarudi nyumbani. Asubuhi yake ndipo simu ilipokuja.

Wanaume walimwosha kabla ya adhuhuri. Sanda ilipokuwa bado haijafungwa usoni, tuliitwa. Nilifuta machozi yasimdondokee, nikambusu kipaji cha uso. Baba mdogo alikuja mwisho, akapiga magoti. "Nisamehe, mwanangu," alisema mbele ya watu wote. Nilimshika mkono, nikamwinua. Wakalibeba jeneza, yeye akiwa mbele. Nilibaki mlangoni nikisoma Yasini mpaka waliporudi.