Mtindi wa Mama Yake

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilipanga chumba Farsta, pembezoni mwa Stockholm, kwa bibi mmoja mjane. Mimi nilikuwa nasomea uuguzi. Yeye alikuwa mtu wa kijijini aliyekuja Stockholm akiwa msichana, kufanya kazi za nyumbani. Jikoni kwake ndiko nilikojifunza Kiswidi, na kilikuwa Kiswidi cha ng'ombe. Nilijua kusema "kiwele" kabla sijajua kusema "posta", na wanafunzi wenzangu walinicheka wee mpaka wakachoka.

Alinisimulia usharika wao wa kaskazini, enzi za kati ya zile vita kuu mbili. Baba yake alikuwa na kishamba cha kukodi na ng'ombe wachache. Majani waliyakata kwa miundu ya mipini mirefu, wakayaanika juu ya vichanja kwa kuwa ardhi haikukauka. Kabla ya baridi kali alikuja fundi viatu na mfuko wake wa zana, akalala jikoni kwao hadi kila mtu apate kiatu. Ngozi ilikuwa ya ng'ombe wao wenyewe. "Nilimvaa ng'ombe niliyekuwa nikimkamua," alisema, akacheka mpaka akakohoa. Mimi niliyekulia Meru nilibaki kushangaa kwamba Mzungu anaweza kuwa na utoto kama wa shangazi zangu.

Juu ya kabati la jikoni lilikaa bakuli la mtindi mzito, unaovutika kama mlenda. Mbegu yake ilitoka kwa mama yake. Bakuli lilipokaribia kwisha aliacha kidogo chini, akamimina maziwa mapya, na kesho yake mtindi ukawa tayari. Kwetu tunafanya vivyo hivyo kwenye kibuyu. Niliupenda, hata nikambebea kidogo dada mmoja wa Bukoba aliyeishi Vällingby, maana kwenda kwa mtu mikono mitupu siwezi.

Baridi moja bibi aliugua mapafu, akalazwa. Binti yake, aliyefanya kazi kwenye ghala kule Jordbro, alikuja kumsafishia nyumba. Mtoto wa mjini yule. Aliona maziwa yameganda, akayamwaga, akasugua bakuli kwa sabuni. Niliporudi kutoka zamu nikalikuta linang'aa, nilifoka kwa Kiswahili tupu, naye akanitazama kama mtu aliyefokewa na redio.

Bibi aliporudi alilitazama bakuli, akakaa na koti lake mwilini. Hakumgombeza binti yake. "Basi, imekwisha," alisema, na sura yake ilinitisha kuliko ile ya siku aliyolazwa.

Nilikimbilia simu.

"Dada, ule mtindi bado unao?"

"Kha! Si ndio tunaokula kila siku? Watoto wanautia sukari."

"Tafadhali, msiumalize!"

Jumamosi tulipanda treni, tukaukata mji mzima hadi Vällingby. Dada alikuwa ameandaa chai na maandazi. "Karibu bibi, karibu sana," alisema, akamkabidhi chupa. Bibi alichovya kijiko, akakiinua, mtindi ukavutika. Kisha akaizungushia chupa skafu yake, akainama kidogo, akatoka. Mtu aliyenishukuru hata kwa kumfungulia mlango hakusema neno.

"Huyu bibi yako," dada aliniuliza polepole, "ndivyo alivyo?"

Nilitamani ardhi inimeze. Ndani ya treni sikuvumilia, nikamuuliza kwa nini ameniaibisha.

"Kwetu mbegu ya mtindi haishukuriwi," alisema. "Ukishukuru, inakufa."

Akanieleza siku aliyoondoka kwao. Mama yake alimsindikiza hadi kituoni, akampa kikopo cha mtindi mkononi. Msichana alijua desturi, akafunga mdomo. Gari likaondoka. Theluji ilikuwa haijayeyuka alipopata habari kwamba mama amefariki.

"Nilijua nikifungua mdomo nitashukuru tu," alisema. "Kwa hiyo hata kwaheri sikusema."

Nilimpenda sana saa ile. Nilimsogelea nikamshika mkono. Mkono wake wa pili ulibaki juu ya chupa, na kila treni ilipofunga breki aliivutia kifuani.