Siku Barua za Miwani Zilipopotea

Mkaza mwanangu ni fundi wa kompyuta, na vidole vyake vina mbio kiasi kwamba nzi akitua kwenye kibodi hupata ajali. Mwanangu mwenyewe hajui hata kuzima redio, ila Mungu hamnyimi mja vyote: alimpa jicho la kuchagua mke.

Siku hiyo mkaza mwanangu alikuwa ananipeleka kliniki, tukapitia kwanza kazini kwake, kwenye kiwanda cha magodoro. Pale kulikuwa na karani wa mauzo aitwaye Miwani, maana vioo vyake ni vinene kama vitako vya chupa. Kompyuta yake ilikuwa na umri wa kuoa. Haikujua kusoma barua pepe zikiwa mbali. Ilitaka izivute zote izitie tumboni mwake. Meneja alikuwa amenunua seva mpya, mashine ya kutunza barua za ofisi nzima, akaapa kwamba kizee hicho cha kompyuta kikishindwa kuchukua barua kabla ya adhuhuri, kinatupwa, na Miwani anahamia stoo ya pamba. Na Miwani ana pumu tangu ujana.

Mkaza mwanangu akakaa mbele ya kioo cheusi, akaandika amri zake. Akaifunza seva kugawa barua kwa ile njia ya kizamani ya kuzivuta zote, akampa Miwani neno jipya la siri. Kisha, kwa kuwa mpishi huonja, akajaribu kwanza kwenye kompyuta yake ya mkononi. Barua zikaja. Akatabasamu, akamwita mzee Miwani.

Miwani akabonyeza, meneja amesimama mikono kiunoni. Kompyuta ikakoroma kama lori linalopanda mlima, ikajibu kwamba hakuna barua.

"Binti," Miwani akasema taratibu, "mimi na pamba hatuelewani."

Meneja akaanza kuuliza nani atabeba meza. Mkaza mwanangu akajipiga paji la uso. Njia ile ya kizamani, alinieleza baadaye, haiachi kitu nyuma: anayefika kwanza na neno la siri hupewa barua zote, na seva hufuta zake. Yeye alikuwa ameonja mpaka akamaliza chungu.

Mwingine angesingizia umeme.

"Barua zipo, bosi. Nimezichukua mimi kwa kujaribu. Nipe dakika kumi."

Akazirudisha zote mia nne kwenye sanduku la mzee, akaifunga njia ya kompyuta yake isije ikaonja tena. Miwani akabonyeza. Zikaanza kuteremka, na naapa nilisikia sakafu ikilalamika kwa uzito.

"Bweni la wanafunzi linataka magodoro arobaini," Miwani akasoma. "Wanayataka leo."

Meneja akachungulia begani kwake, akakohoa.

"Sasa umesimama nini, mzee? Si uwajibu."

Miwani akavuta kiti, akaanza kuandika kwa kidole kimoja, polepole, kama mtu anayepanda mbegu asiyekuwa na haraka ya mvua.