Ng'ombe Walikuwa wa Nani

Simpendi baba mdogo, na sitajifanya nampenda kwa sababu tu naandika. Yeye ni mtoto wa ndugu wa babu yangu, na kwa heshima ya kwetu ni lazima nimwite baba. Analima shamba la mtoni, hapa chini ya Chwele, udongo mweusi usiohitaji mbolea. Shamba hilo lilikuwa letu. Aliyempa ni mimi, kwa rula na penseli, na hilo ndilo linalofanya nimchukie zaidi.

Kwanza nieleze ukoo, maana bila huo hakuna kitakachoeleweka. Majina sitayaandika. Niliyaandika mara moja na yakatosha kutuharibia.

Kabla Wazungu hawajafika huku kulikuwa na ndugu wawili wa mama mmoja. Nitawaita Mkubwa na Mdogo. Baba yao aliwagawia ardhi: Mkubwa akapata upande wa mtoni, Mdogo akapata mteremko wa mawe. Mkubwa alioa kwa ng'ombe wake mwenyewe, kisha akafa kabla ya kupata mtoto. Mdogo, aliyekuwa tayari na mke na watoto watatu, akamrithi mjane, kama ilivyokuwa desturi, na huyo mjane akamzaa babu yangu. Katika ukoo wetu mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa wa marehemu, kwa sababu mama yake aliletwa kwa ng'ombe wa marehemu. Kwa hiyo babu alikuwa mtoto wa Mkubwa, na shamba la mtoni lilikuwa lake. Hakuna aliyebisha. Mdogo mwenyewe, mpaka anakufa, alimwita babu "mtoto wa kaka".

Baadaye babu aliswaga ng'ombe wake hadi Kitale, ambako Wazungu walikuwa wamekata mashamba makubwa na nyasi zilikuwa bado nyingi. Alidhani atakaa misimu miwili. Alizikwa huko. Baba alikulia huko, mimi nikazaliwa huko, na shamba la mtoni likabaki kwa watoto wa Mdogo. Walisema wanalitunza.

Baada ya vita vya Hitler, Mzungu wetu alinunua trekta. Kila mwaka alitupunguzia ng'ombe, hadi siku moja nyapara akaja kutuambia tukishavuna tuondoke. Nyumba yetu ilichomwa tukiwa bado tunafunga mizigo. Tulifika hapa na ng'ombe sita. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la nne na ndevu zilikuwa zimeanza kuota.

Baba mdogo alitupokea akiwa amesimama katikati ya njia. Hakusogea.

"Watu wa posho wamerudi," alisema. "Mzungu amewachoka?"

"Nimekuja kwa shamba la baba yangu," baba akajibu.

"Baba yako gani? Yule aliyefuata nyasi akaacha makaburi ya wazee yaote magugu?"

"Huyo huyo. Na magugu hayo yameota mahali ulipopaswa kulima wewe."

Walipelekana kwa mzee wa mtaa. Yeye akatoa majuma mawili, kila upande ulete ukoo wake. Zamani ukoo ulisemwa kwa mdomo mbele ya watu. Lakini mzee wa mtaa alisema aliye na mtu wa kuandika alete karatasi, kwa sababu siku hizi D.C. anauliza karatasi.

Baba alinitazama. Nyumbani kwetu mimi peke yangu nilijua kusoma. Nilifurahi, maana kusema mbele ya watu kunanishinda, nami niliona nitawasaidia bila kufungua mdomo.

Siku tatu nilikaa na kukhu, ndiyo kusema bibi yangu, mke wa yule babu. Yeye alipukuchua mahindi na kusema, mimi nikaandika. Naandika polepole, naye alinisubiri. Tulipofika kwa babu niliuliza vile nilivyofundishwa. Misheni nilikuwa nimesaidia kujaza kadi za ubatizo, na mwalimu wa dini alikuwa mkali sana kwenye mstari wa baba. Alitaka aliyemzaa mtoto. Ukimletea jina la marehemu au la mjomba, alikufutia.

"Kukhu, aliyemzaa babu ni nani?"

"Aliyemzaa ni Mdogo," akasema bila kusita. "Nani hajui? Andika."

Nikaandika. Nikapiga mstari kwa rula kutoka kwa Mdogo hadi kwa babu, na chini ya Mkubwa nikaandika: hakuzaa. Kukhu aliishika karatasi, akasema mistari imenyooka vizuri. Alidhani nimeandika pia habari ya ng'ombe. Mimi nilikuwa nimeisikia habari hiyo tangu utoto, na haikunijia hata kidogo kwamba karatasi haiijui.

Siku ya kesi watu walijaa uani kwa mzee wa mtaa. Baba mdogo alikuja mikono mitupu. Baba akatoa karatasi yetu kifuani, ameikunja ndani ya kitambaa, akasema kijana wake ataisoma.

Nilisimama. Nilisoma nikitazama chini, neno moja moja, hadi nikafika: "Mdogo alizaa watoto wanne, wa nne ni babu. Mkubwa hakuzaa."

"Rudia hapo," baba mdogo akasema.

Nikarudia. Hapo ndipo niliposikia nilichokuwa nikisoma.

Baba mdogo alicheka mpaka akashika goti. "Asante sana, mwanangu! Mimi nilikuja kubishana, kumbe umenimalizia kazi! Basi kama sisi wote ni wa Mdogo, mgao wenu uko kwa mawe, pamoja na wetu. Na ile ardhi ya Mkubwa, si alikufa bila mtoto? Ilikuja kwa kifungua mimba wa Mdogo. Ni baba yangu huyo."

Kukhu aliinuka kutoka upande wa wanawake. "Waulize ng'ombe! Ng'ombe waliomleta yule mama walikuwa wa nani?"

"Mama, keti," mzee wa mtaa akasema.

"Siketi! Wewe mwenyewe mama yako alirithiwa. Unaitwa kwa jina la nani?"

Watu wakaguna. Mzee wa mtaa alikasirika. "Hiyo ya ng'ombe iko wapi hapa? Kijana, umeiandika?"

Ningeweza kusema nimekosea. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Nilitazama zile nyuso zote nikasema, "Hapana."

Kesi ikaisha hivyo. Tulipewa kipande cha mawe, na baba akatakiwa kuweka kidole gumba kwenye karatasi ya mzee wa mtaa. Mimi ndiye niliyeambiwa niandike jina lake kando ya kidole, na jina la babu, mtoto wa nani. Niliandika Mkubwa. Mzee wa mtaa akasoma, akalikata jina hilo kwa mstari.

"Andika kama ya kwanza, au muende Kitale mkalale barabarani."

"Andika wanavyotaka," baba akasema, bila kunitazama. "Ng'ombe hawana mahali pa kulala."

Nikaandika Mdogo. Tangu siku hiyo baba akitaka kitu anamtuma dada yangu aniambie.

Kukhu hajakubali. Njia ya kwenda mtoni inazunguka shamba, lakini yeye kila asubuhi anapita katikati ya mahindi ya baba mdogo, anakanyaga polepole, na mimi namfuata na mtungi.

"Mwambie bibi yako njia iko huku!" baba mdogo anapiga kelele. "Wewe si ndiye msomi?"

Kukhu anavunja hindi bichi, analitia kwenye shuka. Nami siku hizi navunja mawili.